Kulele Mbili

Malenga na wapenzi wa lugha, leo sikuja na somo la bahari za ushairi wala ubishi wa ngeli, ingawa ngeli itajipenyeza kidogo kama ilivyo ada yake. Nimekuja na habari ya sanduku.

Sanduku lenyewe lilifika Tanga kwa basi la jioni, likitokea Bagamoyo. Karani wa vifurushi aliisoma stakabadhi kwa sauti: “Vyombo vya muziki, viwili. Shika kwa uangalifu.” Kisha akazitazama mvi zangu, akauliza kwa adabu, “Shikamoo mzee. Hivi ni vya kwaya au vya taarabu?” Nikamjibu, “Marahaba mwanangu. Ni vya nyumbani.” Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa nusu ya habari, akanisaidia kulipakia sanduku kwenye bajaji. Njia nzima hadi Ngamiani nililishika kwa mikono miwili, kila tuta la barabarani likinipandisha roho.

Nusu ya pili ya habari ni hii.

Mke wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, alfajiri, akiwa anateka maji ya kutawadhia. Upande wa kulia wa mwili ulilegea, na usemi ukaondoka. Mkono na mguu vilianza kurudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Mguu ukatangulia, mkono ukabaki nyuma, vidole vimejikunja. Usemi haukurudi. Katika maneno yote ya mwanamke aliyezaliwa Pangani na kufundisha watoto wa shule ya msingi kusoma na kuandika kwa miaka zaidi ya thelathini, lilibaki neno moja: basi. Akitaka maji alisema “basi”. Akikataa chakula alisema “basi”. Akifurahi kumwona mjukuu alisema “basi” kwa sauti ya kupanda, na akinikasirikia alilisema kwa mkato, kama mlango unaofungwa. Tulijifunza kuishi ndani ya silabi mbili.

Madaktari huiita hali hii afasia. Mgonjwa huwa hakupoteza akili, wala si lazima awe amepoteza ufahamu wa anachoambiwa. Njia ya kuyatoa maneno ndiyo iliyoharibika. Mwaka 1861, huko Paris, tabibu Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, “tan”. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Yule mgonjwa alikuwa na silabi moja. Mke wangu alikuwa na mbili. Nikamshukuru Mungu kwa ile ya pili, kisha nikalia.

Miezi mitano baada ya kiharusi, mjukuu wetu mchanga alilala ubavuni mwake akianza kulialia. Nilikuwa ukumbini nikisahihisha shairi la kijana mmoja aliyeniomba nimtazamie mizani. Nikasikia sauti chumbani. Mwanzo ilikuwa mguno, halafu mguno ukawa lahani, halafu ndani ya lahani yakaanza kutoka maneno: wimbo wa kubembelezea watoto alioimbiwa na mama yake, neno kwa neno, pasipo kigugumizi. Kalamu ilinianguka. Niliingia mbio nikamwambia, “Umesema!” Akanitazama kwa mshangao, akafungua kinywa kunijibu, likatoka lile lile: “Basi.”

Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba jambo hili hutokea. Wapo wagonjwa wengi wasioweza kusema ambao huweza kuimba. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha maelezo ya tiba iliyojengwa juu ya jambo hilo: mgonjwa huimba vifungu vifupi vya maneno polepole, na mkono wake wa kushoto hugongwa mara moja kwa kila silabi. Haimponyi kila mtu, na wengine huishia kuimba tu yale waliyoyakariri tangu zamani. Lakini maneno “mara moja kwa kila silabi” hayakunitoka kichwani. Malenga wenzangu, nyinyi mnajua tunaliitaje jambo hilo. Tunaliita mizani.

Hapa yanipasa kukiri kosa. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34. Ushairi niliufundisha kwa chaki. Niliandika ubeti ubaoni, nikachora mistari ya kukata silabi, wanafunzi wakahesabu kwa vidole: nane kwa nane, vina vya kati, vina vya mwisho, kituo. Kanuni nilizitoa katika kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*, nami nilijivunia kwamba wanafunzi wangu hawakukosea hesabu. Wakati mmoja msichana wa kidato cha tatu alisimama kusoma shairi lake, akaanza kulighani. Darasa likacheka. Nami, badala ya kulinyamazisha darasa, nilimnyamazisha yeye: “Kaa chini, hapa si ngomani.” Alikaa. Sikumsikia akighani tena, wala sikumsikiliza mwingine.

Niliposimulia kisa hicho nyumbani jioni ile, nikitaraji kuungwa mkono, mke wangu aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, “Mwalimu, mashairi yako yana hesabu, hayana koo.” Yeye aliniita Mwalimu tangu tulipokuwa chuo cha ualimu, hata kabla sijafundisha mtu. Mimi ni mtu wa milima ya Usambara. Kiswahili nilikutana nacho shuleni. Yeye alikutana nacho tumboni mwa mama yake. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa na cheti naye akawa na sikio, na kila tulipobishana juu ya neno, kamusi ilinitetea mimi siku moja na kumtetea yeye siku tisa.

Basi nikaamua kwamba tutaghani. Nilikuwa na nia lakini sikuwa na chombo, na sauti yangu pekee haikutosha kumshika. Alihitaji kitu cha kukipiga kwa mkono ule mzima, cha kumpa mwendo. Mpwa wangu alituazima gitaa. Lilikuwa kubwa mno: kulipakata kulimlazimu akunjue bega lililokuwa likimuuma, na nyuzi za chuma zilimkwaruza vidole. Kisha mpwa huyo huyo akaleta ukulele mdogo wa dukani. Huo ulimkaa vizuri mapajani, ila sauti yake ni nyembamba na ya juu, nayo sauti ya mke wangu baada ya maradhi imeshuka chini. Alipiga mara mbili, akautua kitandani. “Basi.” Safari hii maana yake nilielewa bila tafsiri.

Ndipo nikajifunza kwamba ukulele una ndugu wanne. Wa mwisho kwa ukubwa katika wale wanne, na mdogo kwa umri, ni wa baritoni, uliotokea Marekani katika miaka ya 1940. Urefu wa uzi wake unaolia ni kama sentimita 50, kati ya ule mdogo wenye kama 35 na gitaa lenye kama 65. Nyuzi zake nne hutegwa sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa, na sauti yake ni ya kifuani, si ya puani. Asili ya ukoo wote ni kisiwa cha Madeira. Mwezi Agosti 1879, meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Wareno kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii, na miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu waliojua kuunda kigitaa chao kidogo cha nyuzi nne. Wenyeji wakakipenda, wakakiita kwa lugha yao. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba jina hilo maana yake ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka shingoni. Inasimuliwa kwamba Malkia Liliʻuokalani alipendelea tafsiri nyingine: zawadi iliyokuja.

Sisi nasi tunalo neno letu lililo jirani mno na hilo, nalo ni ukelele, yaani sauti kali ya mtu mmoja, ambayo wingi wake ni kelele. Ukelele, kelele, ukuta, kuta, ufunguo, funguo. Ikiwa hivyo ndivyo, ukulele ukitiwa katika ngeli hiyo wingi wake utakuwa kulele. Najua wapo watakaosema neno geni likae katika ngeli ya I-ZI kama redio na kompyuta, tuseme “ukulele hizi”, na ubishi uishe. Nilimweleza mke wangu hoja zote mbili kwa kirefu, kama nilivyozoea. Alinisikiliza hadi mwisho. “Basi,” akasema, na sikujua amechagua upande gani.

Baritoni dukani sikuipata, na hata ningeipata isingefaa, kwani anayepiga kwa mkono wa kushoto hana budi kubana nyuzi kwa mkono wa kulia, na huo ndio usiojiweza. Nikaelekezwa kwa fundi wa Bagamoyo aundaye zeze, marimba na magitaa. Tulizungumza kwa simu mara nyingi kuliko nilivyozungumza na wanangu mwezi huo. Hakuniuliza nina fedha kiasi gani. Aliuliza: Mama huketi kitini au mkekani? Mapaja yake ni mapana kiasi gani akiwa ameketi? Mkono mzima hufika wapi bila kuuma? Hupiga kwa kidole gumba au kwa kiganja? Nilipima kwa utepe wa mshonaji huku mke wangu akinitazama kama mtu anayepimwa gauni asiloagiza.

Juu ya tatizo la kubana nyuzi, fundi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, kwani lazima abane? Tuzitege nyuzi ziimbe zenyewe.” Akaeleza. Ukulele wa baritoni hutegwa D, G, B, E; kwa waliozoea kwaya, ni so, do, mi, la. Ukiulegeza uzi wa mwisho kutoka E hadi D, zinakuwa so, do, mi, so. Hapo hakuna haja ya kubana popote: ukiparaza nyuzi zote zikiwa wazi, zinaafikiana. Mkono mmoja unatosha. Akashauri viundwe viwili vya umbo moja na mbao za gogo moja, ili sauti zifanane: wangu utegwe kama kawaida na nibadilishe sauti kwa vidole, wake uwe wa mkono wa kushoto, nyuzi zikipangwa kinyume, nao uwe ndio nyumbani ambako wangu utarejea. Malipo yalikula pensheni ya miezi mitatu. Watoto walipouliza niliwaambia nimenunua mbao, na huo haukuwa uongo.

Sasa turudi kwenye sanduku. Nilililaza juu ya meza, mke wangu akasogezwa karibu, mjukuu akapanda kiti. Fundi alikuwa amevizungushia vyombo nyuzi za katani ili visigongane. Nilicheka: amesafirisha katani kuja Tanga! Tukazitoa shungi baada ya shungi hadi vikaonekana. Viwiliwili ni vya mkangazi, wekundu wa udongo wa nyumbani kwetu milimani. Ubao wa shingo ni mpingo, mweusi, baridi ukiugusa. Ule wa mke wangu ameupa ukingo mpana wa chini ili usimame mapajani, na ngozi nyembamba mgongoni ili usiteleze, na mkanda wa kupita shingoni. Nafasi kati ya uzi na uzi ni kubwa kuliko kwenye wangu.

Jambo moja lilinishangaza. Shingoni mwa ule wake vilipandwa vipande vya chuma vya kubania nyuzi, vyote, sawasawa na vyangu, ilhali tulikubaliana havihitajiki. Nikampigia fundi nikidhani amejisahau. Akasema, “Sikusahau, Mwalimu. Mkono ukirudi, utavitaka.” Sikuwa na jibu. Nilimshukuru nikakata simu, na kwa muda nilijishughulisha na kuokota katani sakafuni.

Tulisubiri siku mbili, maana nyuzi mpya za nailoni hulegea na kukazwa tena hadi zitulie. Jioni ya siku ya tatu tuliketi barazani. Kwenye ukulele wangu sauti ya nyumbani huhitaji kidole kimoja tu, chuma cha tatu cha uzi mwembamba kuliko yote. Hata vidole vya mzee huweza. Nilikuwa nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya siku hiyo, mizani nane kwa nane, na nilikuwa nimeuhesabu kwa vidole kama nilivyofunza wengine. Nikamwonyesha: nitaghani kipande, nawe paraza mara moja pale kipande kinapokamilika, kwenye kina. Akaitikia kwa kichwa.

Nikaanza. “Mwenzangu tulisomana,” na kiganja chake kikashuka juu ya silabi ya nane, barabara, nyuzi zikaitika kwa pamoja. Mjukuu alipiga makofi. Nikaendelea na kipande cha pili: “tangu chuoni kule.” Nilimaliza, nikasubiri. Kiganja kilikuwa hewani. Hakikushuka.

Nilidhani amechoka, au amenipoteza. Nikarudia kutoka mwanzo. Kipande cha kwanza kiganja kilishuka. Cha pili kikabaki hewani tena, na usoni mwake nikauona ule mkunjo wa kipaji niliouzoea kwa miaka arubaini, mkunjo wa mwalimu anayemngoja mwanafunzi alione kosa lake mwenyewe. Nikahesabu kwa vidole, polepole. Ta-ngu-chu-o-ni-ku-le. Saba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimebadili neno bila kuhesabu upya. Mwenye cheti alikuwa amepungukiwa na mizani moja, na mkono usio na neno ulikataa kuipokea.

Nilifungua kinywa kutaka kusema nitatafuta neno jingine. Yeye akanitangulia. Kwa lahani ile ile, chini, kwa sauti yenye mikwaruzo, aliimba: “Tangia.” Akavuta pumzi. “Tangia chuoni kule.” Na kiganja kikashuka juu ya le.

Tangia. Kwa maana ni tangu tu, lakini lina silabi ya ziada, na ni neno la nyumbani kwao ambalo mimi, mtu wa milimani na mtu wa vitabu, nisingelifikia haraka. Halikuwa neno la wimbo wa utotoni, wala hakulikariri popote, kwa sababu shairi lile lilikuwa na umri wa siku nne na hakuna aliyekuwa amelisikia. Alilitafuta, akalipata, akalileta. Kwa miaka miwili hilo lilikuwa neno la kwanza alilolichagua.

Sitaki kuwapamba, wasomaji wangu. Kesho yake asubuhi nilimwambia, “Hebu sema tangia.” Alijaribu hadi jasho likamtoka, likatoka “basi”. Mtaalamu wa mazoezi ametuonya tusihesabu miujiza. Kuna jioni ambazo hatoi ila kituo, na jioni ambazo hataki hata kukiona chombo. Mkono wa kulia ungali umejikunja, na vile vyuma vya shingoni havijaguswa isipokuwa na mjukuu. Lakini maneno yaliyopita njia ile, ya kuimbwa, na ambayo hayakukaririwa, nimeyaandika ukutani kwa chaki. Hadi leo ni kumi na moja.

Mengine nimejifunza mimi. Nimejifunza kwamba “nne” ni mizani mbili kwelikweli. Darasani niliitangaza kama kanuni. Sasa naisikia, kwani ukighani, ile n ya mwanzo hudai pigo lake, na ukiinyima, kiganja cha mke wangu kinabaki hewani. Nimejifunza kwamba kosa la mizani si kosa la hesabu, ni mguu uliokosa ngazi gizani. Na nimemwandikia barua yule msichana wa kidato cha tatu, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne na mwalimu mwenzangu. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Sitasema zaidi ya kwamba hakuusoma, aliughani.

Kuhusu ngeli, ubishi umekwisha nyumbani kwangu. Kituo cha ubeti wangu nilikiacha wazi makusudi, na mwamuzi akaamua kwa kuimba. Lilikuwa neno la nne katika yale kumi na moja. Wenye kutaka “ukulele hizi” waende wakabishane naye. Huu hapa ubeti, ukiwa umekwisha kusahihishwa:

Mwenzangu tulisomana, tangia chuoni kule,
Ulimi ukagandana, ukakosa neno lile,
Sasa mikono yaona, njia ya maneno yale,
Nyuzi nne zimenena, twaitika kwa kulele.

Ukiusoma, tafadhali usiuhesabu kwa vidole. Ughani, na pale kwenye le ya mwisho, gonga meza kwa mkono wa kushoto.